Siku moja na popo wa darini, Bwiru

Kazi yangu huanza wenzangu wakirudi nyumbani. Saa tisa alasiri napakia nyavu, glavu za ngozi, barakoa, vijiti vya pamba na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika. Chanjo ya kichaa cha mbwa nilishachomwa. Bila hiyo humgusi popo. Saa kumi na moja tuko Bwiru, Mwanza, kwa mzee ambaye dari yake imejaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dawa iko wapi?"

Alidhani tumekuja kuua. Nikamweleza kuwa tunachukua mate na damu kidogo kupima virusi, kisha tunawaachia. Akang'aka: weee! Homa ya virusi vya Marburg imeua watu hapo Kagera, 2023 na tena 2025, halafu sisi tunaachia? Nikamwambia anayehifadhi Marburg ni popo mla matunda wa mapangoni. Hawa wadogo wanakula wadudu.

"Popo ni popo."

Giza likaingia, nyavu zikaanza kutikisika, na mzee bado yuko begani mwangu. "Kama wana virusi, mbona hawafi wao?"

Swali zuri, ila liliulizwa nikiwa na popo mkononi anatafuna glavu. Nikamjibu hivyo hivyo. Sisi mara nyingi tunaumizwa na kinga yetu wenyewe, inavyowasha uvimbe kupita kiasi. Ya popo ni king'ora kilichopunguzwa sauti. Watafiti wanahisi chanzo ni kuruka: mwili hufanya kazi kubwa mno, DNA huharibika ndani ya seli, na kinga ingekuwa inalipuka kila safari, popo angejimaliza. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba STING, protini inayoshtukia DNA iliyopotea njia, imelegezwa kwa popo. 2019 ikawa zamu ya NLRP3, inayochochea uvimbe. Si kwamba kinga yake imelala: popo mmoja mweusi wa Australia ana intaferoni, protini za kupambana na virusi, zilizo kazini hata kabla hajaambukizwa.

"Kwa hiyo kinga yake ina subira."

"Ndiyo, mzee."

"Basi aende na subira yake kwingine."

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Jasho ndani ya ovaroli, mkojo wa popo juu yake, mgongo umekufa ganzi. Tukikunja nyavu nikamshauri azibe matundu usiku wakishatoka, ila asubiri watoto waweze kuruka. Akasema hilo nimwandikie, na nigonge mhuri.