Silikanti ana hifadhi

Mwaka 2004, wavuvi walipoanza kunasa samaki aitwaye silikanti kwenye majarife huku Tanga, Mjomba alitupakia kwenye daladala mpaka Kigombe twende tukamwone mmoja. Alilala mchangani, magamba magumu, mapezi kama vijimguu. Nyama yake hailiki. Lakini wazungu walikuja na kamera, na mwaka 2009 serikali ikamtangazia hifadhi yake ya bahari.

"Samaki adimu huyo," Mjomba alisema, utadhani kamfuga yeye.

Miaka kumi baadaye, adimu akawa yeye. Ugonjwa ulianza vidoleni, vikichezacheza kama vya mtu anayepiga kinanda. Ukapanda mabegani, kisha zikaja hasira zisizo zake. Mtaani Sahare wakasema mlevi, na mtu mwenyewe hajaonja hata tembo la mnazi. Tukamnywesha makombe, akapungwa. Hospitali moja ikampa vidonge vya presha. Mpaka daktari mmoja, Dar, alipouliza: babu yenu alikufaje? Mama akajibu taratibu, "Alikufa anacheza."

Kipimo kilipelekwa nje ya nchi. Binamu aliuza mashine ya boti kukilipia. Jibu: ugonjwa wa Huntington. Ndani ya jeni moja, chembe ya urithi, kuna herufi tatu, CAG, zinazojirudia. Zikijirudia mara 40 au zaidi, ukiishi vya kutosha utaugua. Kila mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuurithi. Mama yangu ni dada yake Mjomba, tumbo moja, baba mmoja. Hajapima. Sijamshawishi.

Usiku ule sikulala, nikasoma. Mwaka 1968 Milton Wexler, wa Marekani, aliambiwa aliyekuwa mkewe ana ugonjwa huu, akaanzisha mfuko wa utafiti. Binti yake, Nancy, akaenda na wenzake Ziwa Maracaibo, Venezuela, kwenye vijiji vya wavuvi ambako ugonjwa umezishika koo nzima. Mwaka baada ya mwaka walirudi, wakiandika nani kamzaa nani na kuchukua damu ya maelfu ya watu. Mwaka 1983 ikaonekana alama ya ugonjwa kwenye kromosomu ya 4, moja ya nyuzi zinazobeba jeni. Jeni yenyewe ikapatikana 1993. Dawa ya kuuzuia bado. Dawa ya tetrabenazini hutuliza ule mchezo wa viungo tu.

Kampuni ya dawa hupiga hesabu ya wateja, na wagonjwa wa aina hii hawajazi hata soko dogo. Ndiyo maana Marekani ilitunga sheria mwaka 1983 ya kuzivuta kampuni kwenye magonjwa adimu; leo ni yale yenye wagonjwa chini ya 200,000 nchini mwao. Sawa. Lakini sisi mlangoni kwetu hajabisha mtu kuuliza ukoo wa babu uliishia wapi, Pangani au Pemba. Maabara ya mabilioni siombi. Naomba mtu mwenye daftari, nauli na subira ya kukaa barazani na wazee kabla hawajatutoka, maana hata Maracaibo walianzia kwenye kuandika majina. (Kamati ya harusi mtaani kwetu ingekusanya pesa hizo kwa wiki mbili, na pilau juu.)

Jumapili nilimsimulia Mjomba habari za wavuvi wale. Maneno yake siku hizi yanakokota.

"Wanatega jarife?"

"Wanavua kaa, Mjomba."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Kaa! Damu yote ile wametoa, na bado wanavua kaa?"