Sura ya kaka juu ya kabati

Jumamosi nilikuwa kwa wifi, nimekaa napanga nguo za watoto, za kugawa huku, za kubaki huku, mara kijana wa kaka kapanda kiti kashusha kitu juu ya kabati kakivaa usoni. Jamani. Ile neti nyeupe ya plastiki ngumu, ina vitundu kama chujio la chai, ina pua ya kaka, mashavu ya kaka, kidevu cha kaka. Kanigeukia, "Shangazi, hii ya zimwi?"

Sikujua kama wifi bado anayo.

Ya kaka mnayajua, sirudii yote. Ilianza na maneno, 2019. Fundi cherehani wa miaka na miaka anashindwa kusema mkasi, anakwambia nipe ile, ile ya katakata, na sisi tunacheka eti uzee umemuwahi. Zahanati moja wakasema malaria, nyingine presha, ndugu mmoja akasema kafungwa ulimi na mtu mwenye wivu na biashara yake, tukaenda na huko pia, sifichi, mpaka siku alipodondoka kifafa mbele ya mteja aliyekuja kujaribu suti. Ndo MRI, kile kipimo cha kupiga picha ubongo, ndo Muhimbili, ndo upasuaji, na kipande kilichoenda maabara kikarudi na jina ambalo mpaka leo naliandika kwa kukopi: glioblastoma, saratani ya ubongo, gredi ya nne, ya juu kabisa.

Nikamuuliza dokta, mmeitoa yote? Akanivutia kiti. Akasema dada, ingekuwa jiwe kwenye mchele ningelitoa nikatupa. Hii ni chumvi, na imeshakorogwa kwenye mboga. Ile bonge tumeitoa lakini seli zake zimeshatambaa katikati ya ubongo mzima, hata kwa darubini huoni mpaka uko wapi, na palepale pembeni ndo yanakaa maneno yake, nikizidi kukata naweza nikamrudisha nyumbani hawezi kukuita jina. Na dawa je? Akasema mishipa ya damu ya ubongoni imebana kuliko ya kwingine, dawa nyingi zinaishia getini. Inayopita vizuri kidogo ni temozolomaidi, vidonge, unameza tumbo tupu. Hivyo na mionzi mara 30, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki 6.

Usiku nikasoma kwenye simu. Utafiti mkubwa wa 2005, ule uliofanya dunia nzima itibu hivyo, mionzi peke yake nusu ya wagonjwa walifika miezi 12.1, ukiongeza vidonge 14.6. Nikatoa. Miezi miwili na nusu. Nikazima simu, na kaka sikumwambia, na sijui mpaka leo kama nilikuwa na haki ya kutomwambia.

Basi siku ya kwanza Ocean Road, hospitali ya saratani, haikuwa ya mionzi, ilikuwa ya vipimo. Tumekaa lile jengo la Mjerumani, upepo wa bahari unapiga, kaka kavaa shati alilojishonea, wakamwita, mimi nikaruhusiwa kusimama mlangoni. Akalala chali kwenye meza. Kijana mmoja akachukua ile plastiki, ikiwa bapa kama ubao, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, ikatoka imelegea kama chapati mbichi. Wakashika wawili, huku na huku, wakaivuta taratibu juu ya uso wa kaka mpaka pua ikajitokeza, midomo ikajitokeza, wakaibana mezani kwa klipu. Tulia mzee, usimeze mate sana, isubiri ikauke. Kijana ananieleza kwa sauti ya chini kwamba kichwa kikisogea kidogo tu mionzi inaunguza pazuri, na mimi simsikilizi, naangalia mkono wa kaka. Alikuwa anapima paja lake kwa shubiri. Anafungua vidole, anafunga, anasogeza. Nadhani hata yeye hakujua kama anafanya.

Wakaitoa. Uso una alama za vitundu kila mahali. Hakuniangalia mimi, aliiomba ile kitu, akaigeuza ndani nje kama anakagua koti la fundi mwingine, akapitisha kidole gumba ukingoni. Akatafuta maneno, akatafuta weee. Mwisho: "Fundi mzuri. Ila hajaacha... hajaacha akiba. Nikinenepa?"

Chumba kizima kikacheka, na yeye akacheka. Na akanenepa kweli! Zile dawa za deksamethasoni, za kupunguza kuvimba kwa ubongo, zilimfanya ale kama wanafunzi wa bweni, mashavu yakaumuka, ikabidi atengenezewe nyingine kabla ya kumaliza zile 30. Hii aliyovaa mtoto ni ile ya kwanza, ina sura yake kabisa. Na usingizi hapati, saa tisa za usiku unasikia cherehani inalia, anamshonea mwanawe kaptula za shule, mtoto hata shule hajaanza, kila kaptula pindo la vidole vinne. Wifi aliachia pindo la mwisho mwaka juzi.

Alituacha mwaka uliofuata, mwezi wa nane. Kaptula ziko sita.

Sasa huyu mtoto kavua ile kitu kaishika mkononi, kakaa juu ya nguo nilizopanga, anataka kujua kwa nini dokta hakumalizia kutoa. Na mimi sina jingine, nikampa ya dokta, nikamwambia jiwe kwenye mchele, chumvi kwenye mboga. Akafikiri. Akasema, "Lakini shangazi, chumvi ikizidi mama huwa anaongeza maji."

Wifi alikuwa jikoni, najua alisikia, sufuria zilinyamaza. Nikamwambia mwanangu hebu rudisha hiyo kitu juu, ipangusie vumbi kwanza.