Watoto, mwamba na maji kupwa: kupanga likizo ya Juni pwani

Familia nyingi za bara hupanga likizo ya pwani kwa kuangalia nauli na bei ya nyumba tu. Wakifika Jambiani kule Unguja au Diani kusini mwa Mombasa siku za maji mafu, yaani siku ambazo bahari haitoki mbali, watoto hukaa siku tatu wakingoja mwamba utoke, na mwamba hautoki. Kabla ya kulipia chochote, tazama mwezi. Ukishajua mwezi umefika wapi, unajua siku zipi ni za kutembea mwambani, zipi ni za kuogelea, na zipi ni za kupanda ngalawa. Ratiba nzima ya likizo inatoka hapo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na watoto wakubwa wanaweza kuifanya wenyewe. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanakuwa ya bamvua: yanajaa sana na yanatoka sana. Kwa pwani ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, siku hizo maji hupwa, yaani hutoka, kama saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, na hujaa kama saa kumi. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa alasiri, tena hayatoki mbali kwa sababu ni maji mafu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali mkononi tayari: tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 za mwezi ni za mwambani, na tarehe 8 na 22 zikikaribia ni za kuogelea mbele ya nyumba. Hata hivyo tafuta jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe upate saa kamili na kina. Kwa kundi lenye watoto chagua siku ambayo maji yanapwa chini ya mita 0.6. Ukiona mita 1.3 au zaidi, sehemu kubwa ya mwamba itabaki chini ya maji, basi badilisha shughuli.

Sasa jambo linalohatarisha watu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inakaribia mita 4, na maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua siku yenye tofauti ya mita 3.6. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda sentimita 30 tu, nawe unaona bado kuna nafasi tele. Saa ya pili yanaongeza 60. Saa ya tatu yanaongeza 90, na ya nne 90 nyingine. Sentimita 90 ni kifua cha mtoto wa miaka saba, na kwa wa miaka minne zinakaribia shingo.

Tena mwamba haujalala sawasawa. Ukingo wa nje, unakopasuka wimbi, mara nyingi uko juu kuliko bonde la mchanga lililo kati yake na ufukwe. Maji yanapoanza kurudi huingia kwanza kupitia milango ya mwamba na kulijaza lile bonde nyuma yenu, huku ninyi mmesimama pakavu mkitazama kaa. Ndiyo maana mtu mzima anashtuka kwamba njia aliyokuja nayo kwa maji ya kifundo cha mguu sasa imefika kiunoni na ina mkondo. Kanuni ya kushika bila kubishana ni hii: ondoka ufukweni kwenda mwambani muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa, na dakika ile maji yanapokauka kabisa geuza uso nyumbani. Kama yanapwa saa nne na robo, ondokeni saa mbili na robo, na saa nne na robo watoto wawe wanarudi. Weka kengele mbili kwenye simu, moja dakika 20 kabla ya kugeuka, maana hakuna mtoto anayekubali kuacha shimo la pweza kwa mara ya kwanza anapoambiwa.

Mkienda na marafiki, idadi ya watu wazima hudanganya. Kundi la watu wazima sita na watoto kumi linaonekana salama, lakini kila mzazi anadhani mwenzake anaangalia. Gawaneni kwa majina kabla ya kulowesha mguu: mtu mzima mmoja kwa watoto wawili wa chini ya miaka saba, mmoja kwa watatu au wanne walio wakubwa zaidi, na mmoja asiye na mtoto wa kumwangalia anayekaa nyuma kabisa ya msafara. Huyo wa nyuma abebe filimbi, maji ya ziada na sanduku la huduma ya kwanza. Watoto wavae nguo za rangi ya machungwa au njano kali. Buluu na nyeupe hupotea kwenye maji na povu.

Mtafuteni mwenyeji wa kuwaongoza, hasa mara ya kwanza. Akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza wanaujua mwamba wao shimo kwa shimo, na wanajua mlango upi unawahi kujaa. Kubalianeni malipo mapema na mlipe vizuri, kwa kuwa siku ya bamvua ndiyo siku yao ya kazi na mnawatoa kwenye kipato. Mwulizeni pia kama kuna sehemu iliyofungwa: vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga kipande cha mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na mgeni anayepita humo na watoto anavunja makubaliano ya kijiji kizima. Paje na Jambiani kuna mashamba ya mwani. Vile vijiti na kamba si mchezo wa kuruka. Zungukeni, au ombeni ruhusa mwenye shamba awaonyeshe.

Miguuni, ndara hazifai: zinang'olewa na tope na kuelea. Raba kuukuu zenye soli ngumu ndizo bora. Yeboyebo zenye kamba ya kisigino zinatosha kwa mchanga na nyasi za bahari, ila mwiba wa nungu bahari unazipenya. Mfundishe mtoto kukanyaga mchanga au mwamba mfu tu, asikanyage matumbawe yaliyo hai, yale yenye rangi na yanayoteleza kama yana ute. Tawi la matumbawe linalovunjika kwa hatua moja limechukua miaka kukua. Kwenye mchanga ulio chini ya maji, aburute nyayo badala ya kunyanyua mguu. Taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) aliyejifukia akisikia mtikisiko huondoka, lakini akikanyagwa mgongoni hupiga kwa mkia.

Kwa watoto wa chini ya miaka minane, miwani ya kupigia mbizi na mrija huleta vilio kuliko furaha: miwani ni mikubwa, maji yanaingia puani, na siku imeharibika. Watengenezee ndoo ya kutazamia. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 5, kata tako lake ukiacha ukingo wa sentimita 2 kuzunguka, na ulainishe makali kwa msasa. Tandaza nailoni ngumu inayoonyesha, uiache izidi sentimita 10 kila upande, uivute juu ya ubavu wa ndoo na kuifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa mara tatu. Ukishindilia ndoo majini sentimita tano hivi, mng'ao wa juu ya maji unapotea na mtoto anaona kila kitu huku kichwa chake kiko nje. Inayovuja ni ile iliyofungwa na nailoni yenye mikunjo chini ya mpira, basi ivute sawasawa pande zote kabla ya kukaza. Mkubwa anayetaka miwani ajaribu kwanza dukani: aiweke usoni bila kamba, avute pumzi kwa pua. Ikishika yenyewe inamfaa, ikianguka haimfai.

Cha kuona kipo tele: kiti cha pweza (mnyama mwenye umbo la nyota) mwekundu mwenye nundu, jongoo bahari, kaa, wadudu wa rangi zote chini ya jiwe. Jiwe likigeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, maana wanaoishi chini yake hufa kwa jua. Kiti cha pweza asitolewe majini kwa ajili ya picha. Mchukue picha alipo, maji ni maangavu vya kutosha. Kombe mwenye umbo la koni asiguswe hata akionekana mtupu, kwa sababu konokono wake ana mwiba wa sumu inayoweza kuua mtu. Na ndani ya hifadhi, kuanzia Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968 hadi visiwa vya Mbudya na Bongoyo vilivyo hifadhi tangu 1975, hakuna kuondoka na kombe wala kipande cha tumbawe.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na kibano, siki, bendeji, dawa ya kusafishia vidonda, chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, na chupa ya chai yenye maji ya moto. Wengi huiacha hiyo chupa, nayo ndiyo muhimu kuliko vyote. Mtoto akichomwa na taa au samaki jiwe, sumu yake hudhoofishwa na joto: changanya maji ya moto na ya baridi yafike nyuzi 45 zisizidi, mtu mzima ayapime kwa mkono wake mwenyewe, kisha mguu uliochomwa ukae humo dakika 30 hadi 90 mkiwa njiani kwenda hospitali. Usimwachie mtoto aseme kama yanaunguza, kwa sababu maumivu yatamfanya asihisi. Mwiba wa nungu bahari uliochomoza utoe kwa kibano moja kwa moja. Uliokatikia ndani usiuchimbe kwa pini, utaupasua vipande. Loweka kwenye maji ya moto, safisha, na kama uko karibu na kiungo mwone daktari. Konyeza, yule mnyama laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, akimgusa mtoto, suuza kwa maji ya bahari, usitumie ya bomba, na toa nyuzi zake kwa kibano, si kwa vidole.

Juni hadi Agosti, ambapo pia huangukia likizo ya Agosti ya shule za Kenya, kusi, yaani upepo utokao kusini, linavuma. Asubuhi mapema ni shwari, alasiri bahari inachafuka. Safari yoyote ya boti kwenda kisiwani iwe ya asubuhi na mrudi kabla ya saa tisa. Nahodha akisema leo hatuendi, shukuru na mlipe siku nyingine. Jaketi la kuokolea la mtu mzima linamtoka mtoto kichwani, hivyo uliza kabla ya siku ya safari kama yapo ya watoto, na jaribu kila moja kwa kulivuta juu mabegani: likipita kidevu, halifai. Upande wa magharibi wa Unguja hukingwa na kusi, na huko ndiko pa kuwapeleka wanaotapika kwenye mawimbi.

Chakula kiwe kikavu: mihogo ya kuchemsha, mayai, maandazi, machungwa. Wali wa nazi huchacha mapema kwenye joto, uacheni kwa chakula cha jioni. Beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtoto, na shati la mikono mirefu, kwa sababu upepo wa kusi hupoza ngozi na hamtajua mtoto ameungua na jua hadi usiku anapolia.

Mkirudi, kila mtoto aoshwe miguu kwa maji safi na sabuni na kukaguliwa kidole kwa kidole kwenye mwanga. Mkwaruzo wa tumbawe unaonekana mdogo, lakini vipande vyake hubaki ndani na kidonda huvimba siku ya pili au ya tatu. Usugue kwa kitambaa laini na maji mengi mpaka utoke uchafu, upake dawa, na mtoto huyo asiingie baharini mpaka ukauke. Kama bamvua bado lina siku mbili, mpe kazi ya kuandika saa za maji na kushika filimbi ufukweni.