Sili ya kushoto

Masika ya 2007 yalinikuta Ifakara, nikiwa na miaka 19, nikiishi kwa mjomba, kaka yake mama. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza bila alama za kuniendeleza, na mjomba hakuniuliza mara mbili. Alinikabidhi ovaroli na kitambaa cha kufutia mikono, nikawa utingo wake.

Gari lilikuwa Land Cruiser pikapu, HZJ75, dabo difu, na ile injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, ambayo madereva wa bonde la Kilombero wameibebea sifa nyingi kuliko wanazowapa wake zao. Kwa sababu ya snokeli, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi juu ya gari, watoto wa barabarani waliliita mkonga. Kazi yetu ilikuwa mpunga. Tulivuka Mto Kilombero kwa kivuko, tukapita Lupiro, tukaendelea mpaka Mtimbira na Malinyi, tukapakia magunia na kurudi. Kiangazi ilikuwa vumbi tu. Masika ilikuwa tope jeusi la kunata na vijito ambavyo jana vilifika kifundo cha mguu na leo vimefika kwenye taa.

Asubuhi moja nikikagua matairi kabla ya safari niliona gurudumu la mbele kushoto limelowa kwa upande wa ndani. Nikapitisha kidole. Kilitoka na kitu cheusi, chepesi kama uji uliozidi maji, chenye ile harufu kali ya oili ya gia ambayo ukiinusa mara moja huisahau tena. Nikamwita mjomba. Aliinama, akatazama, akasema neno moja tu: "Sili."

Kwa asiyelijua gari hili: ekseli ya mbele inaishia kila upande kwenye tufe la chuma, kubwa kiasi cha kujaza viganja viwili. Ndani ya tufe hilo kuna jointi inayoiwezesha shafti, ile fimbo ya chuma inayolizungusha gurudumu, kuzunguka huku gurudumu likikata kona. Jointi huishi ndani ya grisi nyeusi, nzito. Difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, huishi ndani ya oili namba 90. Kinachowatenga hao wawili ni sili moja, pete ya mpira na bati yenye upana kama wa kikombe cha kahawa chungu. Sili ikichoka, oili inavuka, grisi inayeyuka, na vyote vinageuka supu na kuchuruzika kupitia kingo za tufe. Difu inabaki na kiu, na jointi inajisaga yenyewe. Usipoziba mapema, siku moja utakata kona kwenye tope na kusikia kitu kikipasuka chini ya miguu yako, na hapo hesabu yake si ya sili tena.

Mjomba aliandika namba kwenye karatasi, akatia pesa kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi la Dar. Siku hizo huku kwetu pesa ilisafiri kwa bahasha na uaminifu. Basi lilikwenda kwa njia ya Mang'ula, Kidatu, Mikumi, na siku ya tatu kondakta yuleyule alirudi na kifuko kidogo kutoka duka moja la Kariakoo. Sili mbili, moja ya akiba.

Kazi ilifanywa na fundi kijana aliyekuwa na gereji ya mwembeni, na mimi nikimsaidia. Ilikuwa kazi ya haraka. Magunia 20 yalikuwa yanasubiri Mtimbira, na mwenye magunia alikuwa amekwisha kutuma mtu mara mbili. Nati kubwa za habu, yaani kitovu cha gurudumu, zile zinazotaka soketi ya milimita 54, fundi alizifungua kwa tindo na nyundo kwa sababu soketi hakuwa nayo. Sili ya zamani tuliing'oa kwa bisibisi, mpya tukaigongea kwa kipande cha bomba. Kisha akaitwa na mteja mwingine na kuniambia, "Dogo, rudisha shafti, nakuja."

Shafti ya kushoto ndiyo ndefu, kwa kuwa difu ya mbele imekaa upande wa kulia. Inabidi uishike mlalo kama unavyoshika mkuki, uiingize kwenye bomba la ekseli bila kugusa kitu, mpaka ncha yake yenye meno iikute difu kule ndani gizani. Ni nzito, na mikono yangu ilikuwa imejaa grisi. Katikati ya njia mkono wa kushoto uliteleza. Shafti ikalala juu ya sili kwa uzito wake wote, nami nikaisukuma mbele hivyohivyo ili isinianguke. Nilisikia kwenye vidole kitu kikikwaruza. Mkwaruzo laini, kama kucha kwenye ganda la embe.

Nilisimama. Sili ya akiba ilikuwa palepale kwenye kifuko. Kuichomoa shafti na kutazama ingenichukua dakika tano. Nikasikia sauti ya mjomba nje akiuliza kama tumemaliza, nikasukuma, meno yakaingia, nikajibu, "Tayari, mjomba."

Safari ya kwanza pakavu. Ya pili, tuliporudi kivukoni, gurudumu lilikuwa limelowa tena.

Mjomba hakuwa mtu wa makelele, lakini siku ile alipiga mlango wa gari teke. "Wametuuzia feki!" Akachukua karatasi na kuandika maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake, kwamba mwenye duka ni mwizi, kwamba anakula jasho la watu wa shamba, akayatia kwenye bahasha na kumpa kondakta ayafikishe Kariakoo. Nilikuwa nimesimama kando yake. Niliiona bahasha ikipanda basi. Nilijua kilichomo, na nilijua kilichomo kwenye ekseli, nikanyamaza.

Kulikuwa na mzee mmoja, fundi mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye gereji ya mashamba ya miwa kabla ya kurudi kujenga karibu na Mto Lumemo. Hakuwa na kibao wala duka. Alichagua magari ya kushughulikia. Mjomba alimpelekea mkonga akiwa amekata tamaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari niachie siku mbili," akasema, kisha akanitazama. "Na kijana niachie."

Siku mbili hizo nazikumbuka kuliko miaka yangu yote ya shule. Kwanza alininunulia sabuni, akaniamuru nioshe ekseli yote mpaka rangi ya chuma ionekane, maana alisema mchanga mmoja ukiingia ndani umekaribisha mgonjwa mwingine. Tukapandisha gari kwa jeki na kuliketisha juu ya magogo. Nati 6 za gurudumu. Kalipa ya breki tukaitundika kwa waya ili isiuvute mpira wake. Kwenye habu kuna vipete vyenye umbo la pia vilivyokaza kila stadi, na wengi huvichokonoa kwa tindo na kuviharibu. Yeye alichukua kipande cha shaba, akakiweka juu ya stadi, akapiga pigo moja kavu, na kipete kikaruka chenyewe kama bisi. Zile nati kubwa alizifungua kwa soketi yake ya 54, iliyofungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Alipoona makovu ya tindo alipitisha dole gumba juu yake na hakusema kitu.

Jointi ina sehemu mbili zilizochongwa bapa. Ukitaka itoke lazima ubapa mmoja utazame juu. Akaigeuza, akaichomoa pamoja na shafti yake, na supu ikamwagika kwenye karai. Hakuishia hapo kama tulivyoishia sisi. Alivunja kichwa chote, akatoa beringi za kingipini, zile pini ambazo kichwa hugeukia gari likikata kona, za juu na chini, na vile vibati vyembamba vya kusawazishia akavifunga kwa uzi, vya juu fundo moja, vya chini mafundo mawili. "Hivi vikibadilishana," aliniambia, "tufe linakaa upande, na sili unayoweka inalia toka siku ya kwanza."

Jioni aliing'oa sili yetu, mpya ya wiki mbili. Akaifuta, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Sili ina mdomo mwembamba wa mpira unaobana shafti, na nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba kama mkufu wa mtoto. Mdomoni palikuwa na mkato, mfupi, safi, kama wa wembe.

Mjomba alikuwa ametoka dakika kumi nyuma. Tulikuwa wawili.

"Unaujua huu?"

Nikasema naujua.

Hakupandisha sauti. Alinieleza kwamba mkato wa namna hii haufanywi na kiwanda wala na duka, unafanywa na meno ya shafti. Kisha akaiweka sili kiganjani mwangu, akakifunga kiganja kwa mkono wake.

"Mkato ni wako. Lakini sili ya kwanza, iliyokaa humu miaka, nani aliikata?"

Sikuwa nimefikiria. Wala mjomba, wala fundi wa mwembeni. Tulikuwa tumeona kinachovuja tukabadilisha kinachovuja.

Akanilaza chini ya gari na taa. "Nitafutie mahali ekseli hii inapopumulia." Nilitafuta kwa muda mrefu, mpaka nikakuta juu ya bomba la ekseli, chini ya gamba la tope lililokauka, kitu kidogo kama kifuniko cha kalamu. Kilikuwa kimeganda kabisa. Tope jeusi la Kilombero likikauka juu ya chuma huwa kama tofali.

Ndipo akanieleza, akichora kwa kijiti mchangani. Difu ikifanya kazi hupata joto, na hewa iliyomo hutanuka. Kipumulio kikiwa wazi, hewa inatoka na hakuna neno. Kikiziba, hewa inasukuma oili kwenye midomo ya sili, safari baada ya safari, mpaka mdomo unachoka. Halafu gari lenye difu ya moto linaingia kijitoni. Maji baridi yanalipoza ghafla, hewa inasinyaa, na ekseli inanyonya kama mtoto anyonyavyo. Inanyonya nini? Maji, kupitia njia ileile. Akafungua nati ya chini ya difu na kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilibaki nakitazama. Kila kijito tulichovuka kati ya Lupiro na Mtimbira kilikuwa kimeacha kitu mle ndani.

Siku ya pili ilikuwa ya kujenga. Beringi za kingipini alizipima kwa namna ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote: alinituma kwa mama muuza samaki kuazima mizani ya kuning'iniza, akaifunga kwenye mkono wa usukani na kuvuta taratibu mpaka kichwa kikaanza kugeuka. Sindano ikatulia juu kidogo ya kilo 4. Akaridhika. Mizani ilirudi sokoni ikinuka perege na grisi.

Shafti aliipitishia ukucha mahali sili inapokaa, akaniambia nami nipitishe. Ukucha ulikwama kidogo, sili za zamani zilikuwa zimechimba mfereji. Kwa hiyo ile sili ya akiba, ya Kariakoo ileile, hakuigongea mpaka mwisho. Aliiacha nyuma kidogo ili mdomo wake ubane sehemu ambayo haijaliwa. Mdomo akaupaka grisi.

Kisha akaondoka hatua mbili na kukunja mikono.

"Rudisha shafti."

Nilinawa mikono kwanza, nikaikausha. Nikaishika shafti sehemu mbili, moja mbele ya nyingine, nikaiingiza nikiwa sipumui. Niliupita mdomo bila kugusa. Kule ndani niliizungusha kidogo, kidogo tena, mpaka meno yakakubali na ikazama. Mzee alikuwa tayari anafungua kopo la grisi.

Kipumulio alikitoa kabisa. Mahali pake aliunga mpira wa petroli, akaupandisha mpaka juu karibu na betri na kuufunga, ncha ikitazama chini. Oili mpya ikaingia mpaka ikaanza kuchungulia kwenye tundu la kujazia.

Mjomba alipokuja kulipa, mzee alimweleza habari ya kipumulio, neno kwa neno, mpaka akamshikisha ule mpira. Habari ya mkato hakuigusa. Sili ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilikaa nayo usiku mzima. Kesho yake tulikuwa juu ya kivuko, mto umejaa, maji ya kahawia yakipita na majani yaliyong'oka huko juu. Mjomba alikuwa ameegemea boneti. Nikaitoa sili na kuiweka juu ya boneti mbele yake.

"Mjomba, ile sili haikuwa feki. Niliikata mimi, nikiingiza shafti. Nilisikia inakwaruza, nikanyamaza."

Aliichukua. Aliutazama ule mkato kwa muda mrefu sana, au mimi niliona mrefu. Watu walikuwa wakizungumza pembeni yetu, mbuzi wa mtu fulani akilia.

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Akaitia sili mfukoni mwake. Kivuko kikagusa ng'ambo, mnyororo ukafungwa, magari yakaanza kuwashwa. Mbele barabara ilikuwa tope tupu.

"Shuka ukafunge loki," akasema.

Nilishuka. Loki zinazounganisha magurudumu ya mbele na shafti ziko kwenye habu. Nilifunga ya kulia, nikazunguka na kupiga goti kwenye ya kushoto. Nilipoigeuza mpaka ikakaa, niliingiza mkono nyuma ya gurudumu na kupitisha kidole juu ya tufe. Utando mwembamba wa grisi, basi. Nilipopanda, mjomba alikuwa tayari ameshika usukani, macho mbele.

"Na ile barua ya yule mwenye duka," akasema, "utaiandika wewe."

Niliiandika usiku uleule tulipolala Malinyi, kwa mwanga wa kandili, juu ya gunia la mpunga. Nilichana karatasi tatu kabla ya kupata moja ya kutuma.