Oda zilipokauka kiwandani: nilivyoishi na Kurzarbeit Ujerumani

Kiwanda ninachofanyia kazi, kusini mwa Ujerumani, kinatengeneza vipuri vya injini za dizeli. Mwaka 2024 oda zilianza kupungua. Sisi wa zamu tulijua kabla ya wakubwa kutangaza, maana mzigo ulikuwa unalala ghalani. Baadaye tukaitwa mkutanoni: hakuna anayeachishwa, ila saa za kazi zinakatwa, na idara ya ajira ya serikali itafidia sehemu ya mshahara utakaopotea. Huo mpango ndio Kurzarbeit. Wakati wa korona, Aprili 2020, watu karibu milioni 6 walikuwa ndani yake.

Mama alipojua nashinda nyumbani siku za kazi, aliuliza, "Mwanangu, sema kweli, wamekufukuza?" Nikamwambia la, mkataba wangu uko palepale.

Jambo la kwanza nililofanya ni hesabu, maana wengi waliisikia asilimia wakaielewa vibaya. Fidia ni 60% ya mshahara wa mkononi uliopotea, si ya mshahara wote; mwenye mtoto hupata 67%. Tuseme ulikuwa unapata yuro 2,000 mkononi, na kwa saa zilizobaki unapata 1,200. Pengo ni 800, kwa hiyo mwenye mtoto atajaziwa 536 na kufikisha 1,736. Maisha yanabana, lakini kodi ya nyumba inalipika. Kuomba huombi wewe. Kampuni ndiyo inayopeleka maombi, na fedha huja pamoja na mshahara.

Wenzangu wengine kutoka Afrika waliogopa kwamba ni msaada utakaowaharibia kibali cha kuishi. Hapana. Inatoka kwenye bima ya ukosefu wa ajira, ambayo kila mwezi tunakatwa 1.3% ya mshahara na mwajiri anatoa kiasi hichohicho. Ni haki yako, chukua bila kuona haya.

Penye mtego ni kodi ya mapato. Fidia yenyewe haikatwi kodi, lakini inapandisha kiwango cha kodi kwenye mshahara wako mwingine, na ikizidi yuro 410 kwa mwaka lazima upeleke ritani. Barua ya kudaiwa inaweza kuja mwaka unaofuata, wakati umeshasahau. Kwa hiyo kila mwezi nilitenga kidogo kwenye akaunti ya pembeni, na fedha za nyumbani nikazipunguza waziwazi, nikimwambia mama kiasi mapema ili asikope akinitegemea.

Kibarua cha pembeni sikutafuta: ukikianza ukiwa tayari ndani ya Kurzarbeit, kipato chake kinaingizwa kwenye hesabu na fidia inapungua. Aliyekuwa nacho kabla haguswi.

Kwa kawaida mpango una ukomo wa miezi 12. Kuanzia Januari 2025 serikali iliruhusu hadi 24. Binafsi naona hiyo inanunua muda tu, hailetei kiwanda wateja. Dizeli haitarudi ilivyokuwa. Siku ambazo siendi kazini nasomea umeme wa viwandani, na mtihani wa kwanza ni Novemba.