Mwezi wa kumi na saba

Flopi, zile diski za kompyuta za zamani, zilikuwa nne, zimefungwa kwa mpira wa ndani ya baiskeli, chini kabisa ya sanduku la mama pamoja na cheti cha ndoa na kadi zetu za kliniki. Juu ya moja baba ameandika kwa kalamu ya wino wa bluu: SAMAKI. Nyingine hazina kitu.

Baba alikuwa karani wa samaki huko Kigombe, kusini mwa Tanga mjini. Si Bwana Samaki, yaani afisa uvuvi, maana Bwana Samaki alikuwa na pikipiki. Baba alikuwa na daftari. Alikaa dikoni kuanzia alfajiri, chombo kikiingia anaandika: kimetumia zana gani, samaki aina gani, kiasi gani. Ijumaa alipanda basi na madaftari yake kwenda ofisini mjini, na huko alifundishwa kuyaingiza kwenye kompyuta, ndani ya dBase III Plus, programu ya kutunza data kwenye majedwali, ile ya skrini nyeusi yenye nukta moja inayokusubiri useme. Alifanya hivyo kuanzia 1993 hadi alipostaafu mwishoni mwa 1999. Madaftari yameliwa na mchwa. Zimebaki flopi.

Kisomeo cha flopi cha kuchomeka kwa USB niliazima kwa rafiki. Flopi mbili hazikusomeka, moja ilitoa sauti ya mtu anayekuna nazi. Mbili zilizobaki zilikuwa na faili lile lile, SAMAKI.DBF, kubwa kiasi cha baiti laki mbili na nusu, baiti moja ikiwa nafasi ya herufi moja. Picha moja ya simu yangu inalizidi mara kumi.

Na hapa nianze kwa kulisifu faili lenyewe, kwa sababu lilinishangaza. Niliposikia "data za miaka thelathini" nilitarajia maiti. Kumbe faili la dBase linajieleza kwa kiasi chake. Baiti 32 za mwanzo ni utambulisho wa faili zima, halafu kila safu ina baiti 32 zake: jina lisilozidi herufi kumi, aina, upana. Baada ya hapo ni mistari, herufi tupu, unaisoma kwa macho. Nililifungua kwa programu ya kuonesha baiti, na mwanzoni kabisa palikuwa na namba nne: 03, 63, 0B, 12. Ya kwanza inasema hii ni dBase III. Tatu zinazofuata ni tarehe ya mwisho ya kuguswa, kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita: 99, 11, 18. Yaani 18 Novemba 1999. Nilikaa nikaiangalia tarehe hiyo kwa muda. Nitairudia.

Kwa hiyo herufi zilikuwa hai. Safu zilikuwa saba: TAREHE, SAA, MWEZI, ZANA, AINA, IDADI, UZITO. Nikaliingiza faili kwenye programu ya majedwali, ikanionesha mistari 2,471. Mstari wa kwanza niliouangalia ulikuwa wa 16/05/94, na chini ya MWEZI pameandikwa 5. Mei. Nikaridhika, nikaenda kulala.

Kesho yake nikaona 17/05/94, MWEZI 6. Nikajiambia labda ni mwezi wa kupeleka ripoti. Kisha 18/05/94, MWEZI 7. Hapo nikaacha kujidanganya.

Kilichonistua zaidi ni hesabu. Ndani ya zile baiti 32 za utambulisho kuna nne zinazotaja idadi ya mistari. Kwenye faili hili ni 44 18 00 00, zinasomwa kinyumenyume, na jibu ni 6,212. Programu inanionesha 2,471. Mistari 3,741 iko wapi?

Ilikuwapo. Kwenye dBase, ukifuta mstari haufutiki. Kila mstari unaanza na baiti moja ya akiba: nafasi tupu kama ni mzima, nyota kama umefutwa. Unabaki na nyota yake mpaka mtu aamuru PACK, ndipo unaondoka kweli. Nikateremka ndani ya faili, nyota kila mahali. Na kila mwenye nyota alikuwa na MWEZI wa 13 au zaidi. 14, 22, 29. Wa tarehe 28/05/94 ulikuwa 17.

Nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mmekula huko?"

Tumeongea habari za chakula, mvua na goti lake. Kisha nikamuuliza: baba, kwenye kompyuta mliandika mwezi wa kumi na saba, huo ni mwezi gani?

Akanyamaza kidogo. "Hakuna mwezi *wa* kumi na saba. Ni mwezi kumi na saba."

Mnaotoka pwani mmeshaelewa. Mimi nimezaliwa pwani na bado nilihitaji kuambiwa, Dar imeniharibu. Mvuvi akimuuliza mwenzake "leo mwezi ngapi?" hamuulizi Mei au Juni. Anauliza mwezi una siku ngapi tangu uandame, maana hiyo ndiyo inayomwambia kama maji ni ya bamvua au maji mafu, na kama usiku utakuwa na giza la kutosha kuvua dagaa kwa taa. Safu ya MWEZI ilikuwa umri wa mwezi wa juu, 1 hadi 30. Nilithibitisha kwa njia moja ndogo: tarehe 25 Mei 1994 mwezi ulipatwa, na mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu. Mstari wa siku hiyo umeandikwa 14. Na ukizipanga siku za dagaa, kuanzia 11 hadi 18 hakuna kitu, kila mwezi. Mbalamwezi, watu wamelala majumbani kwao.

Sasa ile 18 Novemba 1999. Baba anakumbuka kwamba ofisi hiyo, ambayo jina lake naliacha, ilileta kijana wa kukagua kompyuta kwa sababu ya hofu kwamba zingechanganya tarehe mwaka 2000 ukiingia. Kijana alikagua tarehe. Akakuta miezi ya 17 na 26, akaona ni uchafu, akasafisha. Bahati hakumaliza kazi kwa PACK. Baba alinakili flopi zake wiki mbili baadaye, anastaafu, hajui kwamba zaidi ya nusu ya miaka yake ina nyota. Simlaumu sana yule kijana. Mimi niliona 5 kwenye mwezi wa Mei nikaenda kulala.

Wenye kazi ya kutunza data kwa muda mrefu wana muundo unaoitwa OAIS. Ulitengenezwa na kamati ya mashirika ya anga za juu, watu wenye kanda nyingi za satelaiti, na ukawa kiwango namba 14721 cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2003. Ndani yake kuna wazo ninalolipenda kuliko mengine: kuhifadhi baiti hakutoshi, lazima uhifadhi na maelezo ya kuzisoma, na kina cha maelezo hayo kinategemea unamhifadhia nani na mtu huyo anajua nini tayari. Baba alimhifadhia Bwana Samaki. Bwana Samaki alijua mwezi ngapi. Ndiyo maana hakuna aliyeandika popote. Ingekuwa kama kuandika kwamba bahari ina chumvi. Jamii ya wasomaji ilibadilika ndani ya miaka sita, ofisi ile ile, chumba kile kile.

Data za baba nimeziandika upya kwa XML, mtindo wa maandishi ambao kila kitu kinafungwa ndani ya jina lake. Najua kuna watakaosema CSV, mistari mitupu iliyotenganishwa kwa mikato, inatosha, na nusu nakubaliana nao, nimeweka nakala ya CSV pembeni. Lakini CSV haina mahali pa kusema 17 ni nini. XML ilipitishwa na W3C, jumuiya inayoweka viwango vya wavuti, Februari 1998, ikiwa mtoto mwembamba wa SGML, ambayo ni kiwango cha ISO 8879 cha 1986, nayo ikitokana na GML ya IBM ya mwaka 1969. (G, M na L ni herufi za mwanzo za Goldfarb, Mosher na Lorie walioitunga. Baba alifurahi kusikia hivyo, akasema ni kama kuandika jina lako kwenye ngalawa.) Ni maandishi matupu, na jina la safu halibanwi kwenye herufi kumi. Mahali pa MWEZI nimeandika umriWaMwezi. Kisha kuna skima, faili la pili linalosema kila kitu kinaruhusiwa kuwa nini: umriWaMwezi ni namba kamili, 1 hadi 30, huhesabiwa tangu mwezi kuandama, usichanganye na mwezi wa kalenda. Sentensi hiyo ya mwisho nimemwandikia yule kijana.

SAA ilinitesa kuliko MWEZI. Dagaa wa 1994 wanaingia saa 12 na saa 1. Dagaa wa 1998 wanaingia saa 6 na saa 7. Wavuvi hawakubadili mwendo. Katikati ya 1997 zililetwa fomu mpya zilizotaka saa za kizungu, baba akatii, na safu ikaendelea na jina lile lile. Kwenye XML zote sasa zimeandikwa kwa mtindo wa ISO 8601, saa 24 na +03:00 ya Afrika Mashariki mwishoni, lakini namba aliyoiandika baba mwenyewe nimeiacha kando yake. Nikikosea kutafsiri, atakayekuja aone nilipoanzia.

UZITO si uzito. Kwa changu na tasi ni kilo, kwa dagaa ni ndoo. Nilitaka kugeuza ndoo ziwe kilo, baba akaniuliza ndoo ya nani, imejazwa au imerundikwa? Nimeacha ndoo.

Wiki iliyopita nilikwenda Kigombe na kompyuta kumalizia safu ya ZANA. Tulikaa barazani, mimi natamka namba, yeye anajibu. Moja, mshipi. Mbili, jarife. Tatu, dema. Nne, nyavu za dagaa. Tano, wando. Sita, akacheka.

"Hiyo iache."

Nikamwambia ina mistari 388, siwezi kuiacha. Akasema wenyewe wengine wako hai, na watoto wao ni majirani. Nikaandika kwenye skima, mbele yake: 6, zana ambayo mwandikaji hakutaka kuitaja. Akasoma mara mbili, akatikisa kichwa kwamba sawa.

Mama akalitaja jina la zana hiyo kwa sauti kutoka uani, anapepeta mchele.

"Wewe mwanamke," baba akasema, akanigeukia kuniuliza maji yamefika wapi.