Siku Moja Maishani Mwangu: Kupeleka Shaki ya Tajiri Ukaguzi

Saa 10:30 alfajiri. Adhana bado, na mimi tayari niko chini ya gari. Mimi ni fundi wa matatu hapa Likoni, Mombasa. Leo ni zamu ya Hiace, zile tunazoziita shaki, injini 5L ya dizeli, imezeeka hadi mlango wa kuburuta una rangi tatu. Gari la abiria hukaguliwa kila mwaka, na tajiri, yaani mwenye gari, ameshalipia. Dereva, kijana mdogo, anakoroma kiti cha nyuma.

Nafungua dramu ya breki, nyuma kushoto. Pua inajua kabla ya macho: mafuta ya breki. Silinda ndogo ya gurudumu inavuja, na lainingi, ule utando mgumu unaosugua dramu gari lisimame, imelowa na kung'aa kama sambusa iliyotoka karaini sasa hivi.

"Zioshe na petroli, piga msasa, tufunge," anasema dereva, macho nusu. "Tutabadilisha wiki ijayo, fundi."

Maneno hayo ni yangu. Nimeyasema miaka mingi kuliko yeye.

Saa 12. Duka la vipuri halijafunguliwa. Chai na mahamri, na kumbukumbu.

Nilikuwa mwanafunzi wa gereji sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza, Februari 2004. Kila matatu ilitakiwa iwe na spidi gavana, kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, mikanda kwenye viti vyote na mstari wa njano ubavuni. Tulikesha tukichora mistari. Hapo ndipo nilipoujua ufundi wa kuazimana. Gereji yetu ilikuwa na seti moja ya tairi zenye meno, kizima moto kimoja na pembetatu mbili za hatari, na vitu hivyo viliweza kupitisha magari sita kwa wiki. Tairi zile tuliziita tairi za serikali. Zinafungwa asubuhi, zinavuliwa jioni, gari linarudishiwa vipara vyake likiwa na stika mpya kiooni.

Breki zilikuwa na dawa yake, petroli. Tatizo ni kwamba lainingi iliyonyonya mafuta huoshwa juu tu. Ikipata moto wa kazi, yaliyojificha ndani yanatoka tena.

Nissan moja ndiyo iliyonikomesha. Niliipitisha asubuhi, jioni tuko kwenye mteremko wa kivuko tukingoja feri. Dereva kavuta hendibreki, kashuka kununua sigara. Hendibreki ya gari hizi hushika dramu zilezile za nyuma, lainingi zilezile nilizoziosha. Nissan ikaanza kuteremka polepole, kama mtu anayeondoka harusini bila kuaga. Mimi niko kiti cha abiria, stika mpya mbele ya macho yangu. Mkokoteni wa madafu ndio uliotuzuia. Hakuna aliyeumia, lakini madafu yalibingiria mpaka majini, na mwenyewe akayahesabu kwa sauti moja baada ya jingine. Arubaini. Nililipa mimi.

Saa 1:40 asubuhi. Duka limefunguliwa. Nampigia tajiri: silinda mpya na lainingi, pande zote mbili.

"Kwani kulia kunavuja?"

"Hakuvuji, tajiri. Lakini mpya huku na kuukuu kule, breki hazitalingana, na mashine itaona."

Kimya. Kisha nasikia akimlalamikia mkewe kuhusu mafundi. Pesa inaingia kwenye simu.

Saa 3:30. Barabarani. Zamani safari hii ilikuwa adhabu: feri, kisha Makupa, kisha Changamwe katikati ya malori, mwili umechoka kabla ya kufika. Tangu 2024 kuna barabara ya Dongo Kundu, unatoka Likoni hadi Miritini bila kuliona lango la feri. Dereva anaendesha kwa furaha. Mimi nasikiliza gurudumu la kushoto.

Saa 5. Foleni ya kituo cha ukaguzi. Manamba wamelala kwenye kivuli cha magari, mafundi wenzangu wanafuta injini kwa dizeli dakika ya mwisho. Namwona mmoja akifunga tairi mpya nne hapo hapo nje, na gari la pili likizingojea. Tunasalimiana bila kuangaliana sana.

Zamu yetu. Mkaguzi anasoma namba ya chasisi, anaingia shimoni na chuma chake, anatikisa boljoint na tairodi, viungo vya magurudumu na usukani. Namwita afande, mazoea ya enzi za kukaguliwa na polisi, naye hajali. Kisha roli: magurudumu ya nyuma yanazungushwa na mashine, dereva anakanyaga, kushoto na kulia vinapanda pamoja. Hendibreki nayo inashika. Nahema.

"Taa ya kibao cha namba haiwaki," anasema mkaguzi, na anaandika.

Taa ya namba! Balbu ndogo kama punje ya kunazi. Tumefeli.

Saa 8. Balbu imepatikana, waya umekwanguliwa kutu, foleni tena. Ukaguzi wa pili, dakika chache. Tumepita.

Saa 10:30 jioni. Tunarudi. Kwenye mwinuko mmoja dereva anaona madafu kando ya barabara, anasimama, anavuta hendibreki, anaruka chini na injini inanguruma.

"Fundi, nikuletee moja?"

Namwambia alete mawili. Mimi nimeshahamia kiti chake, mguu juu ya breki, naangalia kama gari litasogea.